Mircea Eliade na Safari ya Shamani katika Maandiko ya Kale

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anapoingia katika mjadala wa visasili, hachukui muda mrefu kabla ya kukutana na jina la Mircea Eliade. Hutajwa kwa mistari miwili au mitatu tu: kwamba alikuwa mtaalamu wa historia ya dini, kwamba alikichukulia kisasili kuwa simulizi takatifu inayoeleza chanzo cha mambo, kisha mjadala ukaendelea. Ni nadra kuelezwa alikuwa mtu wa namna gani, aliishi wapi, na ni kwa njia ipi alizifikia fikra hizo. Upungufu huo si mdogo. Nadharia ni kama nguo iliyoshonewa mwili fulani. Anayeiazima bila kumjua mwenyewe huhangaika na mikono mirefu asijue sababu. Makala haya yanayafuata maisha ya Eliade, yakikaa zaidi kwenye kitabu chake kimoja, kile cha mwaka 1951 kuhusu ushamani, kwa sababu ndicho kilichowafanya wasomi wengi wayatazame upya maandiko ya dini za kale, na ndicho pia kinachotupa sisi wanafunzi wa Kiswahili jambo la kujadili.

Kwanza neno lenyewe. Shamani ni neno la Waevenki, ambao zamani waliitwa Watungusi, watu wa misitu ya Siberia. Warusi walilichukua walipoenea huko katika karne ya 17, na kupitia kwao likafika Ulaya ya Magharibi. Ni rahisi kulitafsiri kwa neno mganga, lakini tafsiri hiyo inafunika zaidi ya inavyofunua. Mganga wetu ana dawa, ana ramli, ana kafara na kombe. Si lazima roho yake iuache mwili. Shamani katika maana aliyoikusudia Eliade ni mtu ambaye, akiwa amezimia mbele ya watu, roho yake hutoka, ikapanda mbinguni au ikashuka kuzimu, ikazungumza na wenyeji wa huko, ikairejesha roho ya mgonjwa iliyopotea au ikaisindikiza ya marehemu, kisha ikarudi mwilini na kusimulia ilichokiona. Ngoma yake ndiyo farasi wake. Kabla ya kuipata kazi hiyo huwa ameugua ugonjwa usioeleweka, na katika njozi za ugonjwa huo ameuona mwili wake ukikatwakatwa, mifupa ikahesabiwa, kisha akaundwa upya. Kwa hiyo hapa tutabaki na shamani, na neno mganga tutawaachia wenyewe.

Eliade alizaliwa mjini Bucharest, Romania, mwezi wa Machi 1907, baba yake akiwa afisa wa jeshi. Alikuwa mtoto mwenye macho mabovu na uchu wa vitabu usio na mfano. Chumba chake kilikuwa darini, na huko alijifunza kupunguza usingizi hadi saa chache tu kwa usiku ili apate muda wa kusoma. Alijifunza Kiingereza ili amsome James Frazer, na Kiitaliano ili amsome Giovanni Papini. Makala yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1921. Alipofikisha umri wa miaka 18 alikuwa amekwisha kuchapisha makala mia moja. Aliandika pia riwaya kuhusu kijana asiyeona mbali, yaani yeye mwenyewe, ambayo ilikuja kuchapishwa kamili mwaka 1989, miaka mitatu baada ya kifo chake. Katika Chuo Kikuu cha Bucharest alisomea falsafa, na mwaka 1928 alimaliza kwa tasnifu juu ya wanafalsafa wa Italia wa zama za Mwamko. Mwalimu aliyemwathiri kuliko wote alikuwa Nae Ionescu, mtu wa maneno matamu na siasa za hatari, ambaye tutakutana naye tena.

Alipokuwa Roma akitafiti tasnifu hiyo, Eliade alikisoma kitabu cha Surendranath Dasgupta kuhusu historia ya falsafa ya Kihindi. Katika kurasa za mwanzo aliliona jina la maharaja wa Kassimbazar, aliyemfadhili mwandishi. Akamwandikia maharaja barua, akaomba ufadhili, akaupata. Mwishoni mwa mwaka 1928 alifika Calcutta, akajifunza Sanskriti na falsafa ya yoga chini ya Dasgupta mwenyewe, na mwaka 1930 mwalimu akamkaribisha aishi nyumbani kwake. Humo alimpenda Maitreyi, binti wa mwenyeji wake, aliyekuwa na umri wa miaka 16. Habari ilipojulikana, mwezi wa Septemba mwaka huohuo, alifukuzwa. Akaenda Rishikesh, chini ya milima ya Himalaya, akaishi miezi kadhaa kibandani akifanya mazoezi ya yoga, kisha akarejea Romania mwishoni mwa mwaka 1931.

Miaka hiyo mitatu ilizaa mambo mawili. La kwanza ni namna ya kusoma. Kwa wanafalsafa wengi wa Ulaya, maandiko ya yoga yalikuwa hoja kuhusu nafsi na ulimwengu. Eliade aliyasoma baada ya kukaa kitako, kubana pumzi na kunyamaza kwa siku nyingi, akayaona kuwa ni maelekezo: mtu anaambiwa afanye nini na mwili wake ili apate kuona kitu fulani. Nadhani mbegu ya kitabu cha ushamani ilipandwa hapo, ingawa hakuwa amefikiria Siberia hata kidogo. La pili ni riwaya aliyoichapisha mwaka 1933 na kuiita kwa jina la binti yule. Ilimpa umaarufu mkubwa nchini mwake. Bi. Maitreyi Devi, aliyekuwa mshairi na mwandishi kwa haki yake mwenyewe, alikuja kujua baadaye mambo aliyosingiziwa humo. Mwaka 1973 alimfuata Eliade hadi Chicago, na mwaka uliofuata akachapisha kwa Kibengali riwaya yake inayosimulia upande wake, Na Hanyate. Naitaja kisa hiki kwa sababu ni mara moja tu katika maisha marefu ya Eliade ambapo mtu aliyeandikwa naye alishika kalamu na kumjibu.

Huko Bucharest alipata shahada ya udaktari mwaka 1933 kwa tasnifu kuhusu yoga, akawa mhadhiri msaidizi wa Ionescu. Hapa ndipo maisha yake yanapokuwa mazito kusimulia. Ionescu alikuwa amekwisha kujiunga kwa moyo wote na Legioni ya Malaika Mkuu Mikaeli, iliyojulikana pia kama Walinzi wa Chuma: kundi la kifashisti lililochanganya alama za Kanisa la Kiorthodoksi, ibada ya kifo na chuki dhidi ya Wayahudi, na lililowaua wanasiasa hadharani. Mwaka 1937 Eliade aliandika magazetini makala ya kuliunga mkono. Rafiki yake wa karibu, mwandishi Mihail Sebastian, alikuwa Myahudi. Katika shajara yake aliandika siku baada ya siku jinsi rafiki alivyomponyoka. Mwaka 1938 serikali ya Mfalme Carol wa Pili iliwakamata wafuasi wa Legioni, Eliade akiwemo. Aliwekwa katika kambi ya Miercurea Ciuc, akakataa kutia sahihi hati ya kuikana Legioni, na akaachiliwa mwezi wa Novemba baada ya kuugua kifua.

Mwaka 1940 alitumwa London kama afisa wa utamaduni katika ubalozi wa nchi yake, na mapema 1941 akahamishiwa Lisbon. Wiki chache tu kabla ya uhamisho huo, mwezi wa Januari, wanalegioni walikuwa wamewaua Wayahudi zaidi ya mia moja mjini Bucharest. Yeye hakuwapo. Huko Ureno aliandika kitabu cha kumsifu Salazar kilichotoka mwaka 1942, na mwezi wa Novemba 1944 mke wake wa kwanza, Nina, akafariki. Vita vilipokwisha Romania ilikuwa mikononi mwa jeshi la Kisovieti. Eliade hakurudi tena nyumbani hadi kufa kwake.

Aliwasili Paris mwaka 1945 akiwa mjane na mkimbizi, akaishi katika vyumba vya hoteli za bei nafuu. Georges Dumézil, mtaalamu mkubwa wa dini za watu wa asili ya Kihindi-Kiulaya, alimfungulia mlango wa kufundisha katika École pratique des hautes études, bila cheo cha kudumu. Ni katika hali hiyo ya kutokuwa na nchi wala mshahara wa uhakika ndipo alipoandika vitabu vilivyomjengea jina. Makala yake ya kwanza kuhusu ushamani yalitoka mwaka 1946. Mwaka 1949 alichapisha viwili: kitabu kikubwa cha ulinganisho wa dini, na kingine kidogo kuhusu kisasili cha marejeo ya milele, ambamo alidai kwamba binadamu wa jamii za kale aliiogopa historia, yaani mfululizo wa matukio yasiyorudi nyuma, na kwamba kila ibada ilikuwa njia ya kutoka katika mfululizo huo na kurejea mwanzo wa mambo. Msomaji anayejua mwandishi alitoka wapi na alikuwa anakimbia nini hawezi kukisoma kitabu hicho bila kutulia kidogo.

Kisha mwaka 1951 kikaja kitabu cha ushamani. Eliade hakuwahi kufika Siberia wala kumwona shamani akifanya kazi yake. Alichokifanya ni kukusanya taarifa za wasafiri, wamisionari na wataalamu wa Kirusi, Kifini, Kijerumani na wengineo, zilizokuwa zimetawanyika katika majarida ya lugha nyingi, na kuzipa umbo moja. Mfano ulio maarufu zaidi ni wa Waaltai, kama ulivyorekodiwa na Wilhelm Radlov katika karne ya 19. Farasi huchinjwa, mti wa mbetula husimamishwa ndani ya hema, kilele kikitokeza juu ya tundu la moshi, shinani huchongwa ngazi tisa. Shamani hupiga ngoma na kupanda ngazi baada ya ngazi, na kila anapokanyaga hutangaza kuwa ameingia mbingu nyingine, akisimulia anachokiona na anayekutana naye, hadi anapomfikia Bai Ulgen, Mungu wa juu, na kuuliza kama kafara imepokewa. Mwishoni huanguka chini akiwa hana nguvu, kimya.

Sasa tuweke kando ya taarifa hiyo maandiko ya Kihindi ya kale yanayoeleza kafara za Kiveda. Kwa msomaji wa kawaida ni maandiko makavu mno: nguzo iwe ya urefu gani, nani asimame wapi, aseme nini. Katika ibada mojawapo, mwenye kutoa kafara huweka ngazi kwenye nguzo, akapanda pamoja na mkewe, na akifika juu hunyosha mikono na kutangaza kwamba wamezifikia mbingu na kuwa miongoni mwa wasiokufa. Wasomi wa karne ya 19 waliiona kama mchezo wa makuhani. Eliade aliona mti wa Waaltai. Aliona katikati ya dunia, mahali ambapo ardhi, mbingu na kuzimu hushikana kwa mhimili mmoja, na mtu anayeupanda mhimili huo. Aidha alikumbusha utenzi mmoja wa Rig Veda, wa 136 katika kitabu cha kumi, unaomsifu mtu mwenye nywele ndefu aliyejifunga upepo kama mshipi, arukaye angani na kunywa pamoja na Rudra. Msomaji aliyekwisha kuzifahamu safari za shamani hawezi kuusoma utenzi huo kama pambo la maneno tu. Anajiuliza: je, kulikuwako mtu aliyejiona hivyo?

Hiyo ndiyo nguvu ya miwani aliyotuvisha. Nyuma ya andiko la kale inatuonyesha mwili wa mtu, pumzi yake, njaa yake, hofu yake ya kufa. Ndivyo alivyomsoma Orfeo wa Wagiriki, aliyeshuka kuzimu kumfuata mkewe kwa muziki wake, na Odini wa watu wa Kaskazini, aliyening'inia mtini siku tisa akiwa amejeruhiwa kwa mkuki ili apate elimu ya siri. Katika uwanja wa Wagiriki alikuwa na mtangulizi. Karl Meuli wa Uswisi alikuwa ameandika mwaka 1935 kwamba masimulizi ya Herodoto kuhusu Waskithi yanaficha ushamani, na kwamba Wagiriki walioishi jirani nao kwenye Bahari Nyeusi waliuazima. Ushahidi mmoja ni Aristea wa Prokoneso. Herodoto anasimulia kwamba aliingia katika duka la fundi wa kusafisha nguo, akaanguka akafa. Fundi akafunga duka kwenda kuwaita ndugu, na waliporudi hawakukuta mtu, hai wala maiti. Baada ya miaka sita alionekana tena kwao, akatunga utenzi wa safari yake katika nchi za mbali za kaskazini, na miaka 240 baadaye akatokea Metaponto nchini Italia, akisema kwamba amewahi kufuatana na mungu Apolo akiwa na umbo la kunguru.

Mwaka 1951 una ajabu yake. Mwaka huohuo kilipotoka kitabu cha Eliade, E. R. Dodds wa Oxford alichapisha kitabu chake kuhusu Wagiriki na mambo yasiyo ya akili, akidai, kwa kumfuata Meuli, kwamba imani ya Wagiriki katika roho inayoweza kuuacha mwili ilitokana na mashamani wa kaskazini. Na mwaka huohuo W. B. Henning, mtaalamu wa lugha za Kiajemi, alichapisha mihadhara yake ya kumpinga H. S. Nyberg wa Sweden. Nyberg alikuwa amedai katika miaka ya 1930 kwamba Zarathustra, nabii wa Uajemi wa kale, alikuwa aina ya shamani, aliyetumia bangi na nyimbo kuingia katika njozi, na kwamba tenzi zake, zile Gatha, zisomwe kwa mwanga huo. Henning hakupinga kwa hasira za kidini. Alifungua maandiko, akauliza neno gani katika Gatha linasema hivyo, na jibu likawa jembamba sana. Eliade mwenyewe, ingawa mada hiyo ilimvutia, hakumfuata Nyberg hadi mwisho.

Mfano wa Zarathustra unatufikisha kwenye udhaifu wa miwani yenyewe. Taarifa za Waaltai ziliandikwa katika karne ya 19 baada ya Kristo. Tenzi za Kiveda zilitungwa zaidi ya miaka elfu mbili na mia tano kabla ya hapo. Tunapoyafafanua maandiko hayo kwa ibada ya Waaltai, tunamwita mjukuu athibitishe utoto wa babu wa jirani. Eliade alidhani jambo hilo linawezekana kwa kuwa ushamani kwake ulikuwa kitu cha kale kabisa, kisichobadilika ndani yake, kilichohifadhiwa Siberia kama nyama katika barafu. Lakini Siberia haikuwa barafu. Watu wake walikuwa wamefanya biashara na Wachina, wamepokea mafundisho ya Kibudha kupitia Wamongolia, wamepigana na Warusi na kulipa kodi ya ngozi. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kisovieti iliwakamata mashamani wengi na kuzichukua ngoma zao. Wakati Eliade anaandika Paris kuhusu mbinu zao za tangu zama za mawe, baadhi yao walikuwa wamekufa gerezani. Hilo halisikiki ndani ya kitabu. Hawakuwa na nafasi aliyoipata Bi. Maitreyi.

Pingamizo lililo karibu zaidi nasi lilitolewa mwaka 1971 na I. M. Lewis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Wasomali. Eliade alikuwa ametenga mambo mawili: safari ya roho, ambayo aliiona kuwa kiini cha ushamani, na kupagawa, ambapo mtu hukaliwa na pepo, jambo aliloliona kuwa la pembeni. Lewis alirudi kwenye taarifa za Sergei Shirokogoroff kuhusu Watungusi wenyewe, wenye neno, akaonyesha kwamba kwao shamani ni yule anayezikaribisha roho mwilini mwake na kuzitawala. Mambo mawili aliyoyatenga Eliade yalikuwa jambo moja.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kulielewa hilo. Lugha yetu imeyagawa mambo haya kwa namna yake. Mtu hupandwa na pepo, si yeye anayepanda. Aliyepandwa huitwa kiti, naye pepo ndiye anayeketi na kuzungumza. Fundi wa kilinge huliuliza pepo jina lake, kabila lake na lugha yake, akalipatanisha na mgonjwa kwa ngoma, uvumba na chano. Kila neno humo linaonyesha mwelekeo wa kushuka: wageni huja kwetu. Mpangilio huo ni kinyume cha mti wa Waaltai, ingawa ngoma zinafanana na mgonjwa ni yuleyule. Eliade hakuipa Afrika sura yake katika kitabu hicho; amezigawia sura Amerika, Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya Pasifiki, Tibet na China. Ninashuku kwamba kama angekaa hata msimu mmoja kwenye kilinge cha pwani, mgawanyo wake usingesimama imara vile.

Lipo pia suala nyeti zaidi, nalo ni la tenzi zetu za Miraji. Zinasimulia Mtume akichukuliwa usiku juu ya Buraki hadi Jerusalemu, kisha akapandishwa mbingu baada ya mbingu, akikutana katika kila moja na nabii. Mtu aliyevaa miwani ya Eliade ataona ngazi tisa za Waaltai mara moja, na wako walioandika hivyo, Eliade mwenyewe akiugusia mfanano huo. Mfanano upo; hauna haja ya kukanwa. Lakini mtunzi wa utenzi hakuwa anasimulia mbinu ya kuzimia. Alikuwa anaeleza jinsi sala tano zilivyofaradhishwa, katika bahari ya vina inayodai mizani yake, mbele ya wasikilizaji wanaoamini kwamba tukio hilo lilitokea mara moja, kwa mtu mmoja, kwa amri ya Mungu. Ukiondoa mambo hayo ili ubaki na safari ya kupanda peke yake, unaupoteza utenzi ili upate muhtasari unaotoshea kila dini. Okot p'Bitek alikwisha kulalamika mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kitabu chake kilichochapishwa Nairobi, kwamba miungu ya Kiafrika ilivishwa majoho ya Kigiriki na wasomi wa Magharibi, na wanafunzi wao Waafrika wakayaacha majoho hayo mwilini. Joho la Kisiberia si bora kwa kuwa tu halikutoka Athens.

Haimaanishi kwamba kitabu kitupwe. Kabla ya Eliade shamani aliandikwa mara nyingi kama mgonjwa wa akili, na wako wanasayansi walioeleza kazi yake kwa baridi na njaa ya kaskazini. Eliade alisisitiza kwamba shamani ni mtu aliyejiponya mwenyewe, mwenye elimu ndefu, anayeshika hazina ya nyimbo na masimulizi ya watu wake. Katika kurasa za mwisho alidokeza kwamba sehemu ya ushairi wa utendi duniani huenda ilitokana na masimulizi ya watu hao wanaporudi kutoka safarini. Hoja hiyo kwa mwanafasihi ina thamani hata ikiwa haithibitiki yote.

Mwaka 1956 Eliade alialikwa kutoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka uliofuata akawa profesa huko. Alikuwa ameoa tena mwaka 1950; yeye na Christinel waliishi Chicago hadi mwisho. Mwaka 1961, pamoja na Joseph Kitagawa na Charles Long, alianzisha jarida la historia ya dini ambalo lingali linachapishwa. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha ushamani ilitoka mwaka 1964, na katika muongo ule wa vijana waliotafuta njozi kwa kila njia, kitabu cha kitaaluma chenye tanbihi nyingi kikageuka kuwa mwongozo. Eliade hakulitaka jambo hilo, ila sidhani lilimshangaza mtu aliyewahi kuishi kibandani Rishikesh.

Mambo ya miaka ya 1930 yalimfuata polepole. Mwaka 1972 jarida dogo la Kiromania nchini Israeli, Toladot, lilichapisha habari za uhusiano wake na Legioni. Hakujibu kwa uwazi. Katika kumbukumbu zake aliizungumzia kambi ya Miercurea Ciuc na mwalimu wake Ionescu, lakini makala yake ya mwaka 1937 aliyapita kimya. Shajara ya Sebastian ilichapishwa mwaka 1996, na wanafunzi waliompenda wakalazimika kusoma kwa jicho jingine. Wapo waliosema siasa yake haihusiani na taaluma yake. Ni vigumu kukubali. Msomi aliyefundisha kwamba kilicho cha kweli hukaa nje ya historia alikuwa na historia ambayo asingependa ifunguliwe, na njia yake ya kuyasoma maandiko ya kale ilikuwa ileile: kuyatoa katika miaka yao, katika watawala wao na majeraha yao, hadi yabaki safi. Saul Bellow, rafiki yake wa Chicago aliyesoma katika mazishi yake, alimchora kwa jina jingine katika riwaya ya mwaka 2000, na picha hiyo haikuwa ya kumtetea.

Mikono yake ilikuwa imelemazwa na baridi yabisi katika miaka ya mwisho, hata kalamu ikawa taabu kuishika. Mwezi wa Desemba 1985 moto ulizuka ofisini mwake na kuunguza sehemu ya vitabu na karatasi zake. Alifariki tarehe 22 Aprili 1986 akiwa na umri wa miaka 79. Ioan Petru Culianu, Mromania mwenzake aliyeandika kwa kina kuhusu safari za roho katika maandiko ya kale ya Wagiriki na Wayahudi, alikuwa akitarajiwa kuiendeleza kazi hiyo Chicago. Tarehe 21 Mei 1991 alipigwa risasi katika jengo la kitivo chao, na muuaji hakupatikana.

Ensaiklopidia ya dini ambayo Eliade alikuwa mhariri wake mkuu ilitoka mwaka 1987, juzuu 16, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kidahizo cha ushamani alikiandika mwenyewe. Toleo la pili lilipotayarishwa na kuchapishwa mwaka 2005, wahariri hawakukiondoa kidahizo hicho wala hawakukirekebisha. Walikiweka mahali pake, wakaandika juu yake kwamba ni cha toleo la kwanza, kisha mara baada yake wakaweka kingine kipya kinachoanza kulijadili jambo hilohilo upya.